Zoni ya Dallas, 2011

Ukitaja ubingwa wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ambao Dallas Mavericks waliutwaa 2011, watu humkumbuka Dirk Nowitzki akiegemea nyuma kwa mguu mmoja na kuurusha mpira juu ya mikono ya mlinzi. Anastahili kukumbukwa hivyo. Ila mimi ni kocha wa ulinzi, na kila nikizirudia mechi zile macho yangu huenda kwa Dallas wasiokuwa na mpira.

Julai 2010 walimleta Tyson Chandler kutoka Charlotte, mtu mrefu aliyekuwa ameandamwa na majeraha. Kwangu mimi ubingwa ulianzia hapo. Kocha Rick Carlisle na msaidizi wake Dwane Casey walikuwa na kikosi cha watu wazima: Jason Kidd alitimiza miaka 38 Machi 2011, Dirk na Shawn Marion walikuwa wameshapita 30. Ukiwaambia wakabe mtu kwa mtu usiku kucha, vijana watawapita mbio. Ndiyo maana Dallas walicheza zoni, yaani kila mlinzi analinda eneo lake badala ya kumfuata mtu mmoja, kuliko karibu timu yoyote ya NBA.

Zoni iliruhusiwa kwenye ligi hiyo kuanzia msimu wa 2001-02, kwa sharti moja gumu: mlinzi asikae chini ya ringi zaidi ya sekunde 3 kama hana mtu wa kumkaba karibu naye. Mtazame Chandler miguuni. Anatoa mguu nje ya rangi, lile eneo lililochorwa chini ya ringi, anaurudisha, anatoa tena, huku anapiga kelele kuwaambia wenzake mpira uko wapi. Wa mbele wakisikia sauti nyuma yao, wanathubutu kusogea. Akinyamaza, zoni imekufa. Hili nawaambia wachezaji wangu kila wiki.

Msimu wa kawaida uliisha kwa ushindi 57 na vipigo 25. Katikati yake Dirk aliumia goti, na katika mechi tisa alizokosa walishinda mbili tu. Caron Butler naye aliumia goti Januari mosi na hakurudi tena uwanjani msimu ule.

Kwenye mtoano waliitoa Portland 4-2, baada ya kuachia uongozi wa pointi 23 katika mechi ya nne. Kisha Lakers, mabingwa watetezi, wakafagiliwa 4-0. Mechi ya mwisho iliisha 122-86, Jason Terry akifunga mitupo tisa ya pointi tatu kati ya kumi. Oklahoma City ilitoka 4-1, na katika mechi ya kwanza Dirk alipata mitupo huru 24 bila kukosa hata mmoja.

Fainali ilikuwa dhidi ya Miami Heat ya LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh, timu ile ile iliyowanyang'anya kombe 2006. Mechi ya pili Miami waliongoza 88-73, zikiwa zimebaki dakika saba na ushee. Kuanzia hapo walipata pointi tano tu. Dirk, aliyekuwa amechanika kano ya kidole cha mkono wa kushoto, alimpita Bosh na kufunga kikapu cha ushindi kwa mkono huo huo. Ikawa 95-93.

Baada ya mechi tatu Dallas walikuwa nyuma 2-1. Carlisle akamwanzisha J.J. Barea, mfupi kuliko wote uwanjani, badala ya DeShawn Stevenson. Kocha wa ulinzi angeogopa, mimi ningeogopa. Lakini Barea alikuwa akipenya katikati na kuwalazimisha Miami wakusanyike, na upande wa pili zoni ilimsitiri. Dirk alicheza usiku ule akiwa na homa kali. LeBron aliondoka na pointi 8, Dallas wakashinda 86-83.

Mechi ya sita, Juni 12, mjini Miami, ndiyo ninayowaonyesha wanafunzi wangu. Nusu ya kwanza Dirk alifunga mtupo mmoja kati ya 12, na bado Dallas walikwenda mapumziko wakiongoza 53-51. Terry aliwabeba kwa pointi, nyuma wakaziba. Nusu ya pili Dirk alizinduka, ikaisha 105-95 na kombe likawa la Dallas. Saa ilikuwa haijamaliza kuhesabu alipoiruka meza ya waamuzi na kukimbilia vyumba vya ndani, peke yake.