Kujitosa Maji ya Barafu: Maswali ya Wazazi wa Lamu

Tangu klipu ya watu wa Chicago wakijitosa katika Ziwa Michigan lenye barafu ianze kuzunguka kwenye simu zetu hapa Amu, nimeulizwa mengi, hasa na wazazi wenye watoto wenye ulemavu wa akili.

Wale watu wanajitesea nini?

Wanachangisha pesa. Kila anayejitosa ameahidiwa mchango na jamaa na marafiki zake, na pesa huenda kwa Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Michezo hiyo ilianzia Chicago kwenyewe, uwanja wa Soldier Field, Julai 1968, kwa juhudi za Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake alikuwa na ulemavu huo. Kenya nayo ina tawi lake.

Baridi ile haiui?

Yaweza kuua, lakini si kwa namna wengi wanavyodhani. Wengi wanaogopa kuganda, na kuganda huchukua muda: hata katika maji baridi sana, mtu mzima huchukua kama nusu saa kabla joto la ndani ya mwili halijashuka chini ya nyuzi 35. Hatari kubwa iko katika dakika ya kwanza. Ngozi ikipigwa na baridi ya ghafla, mtu huvuta pumzi kubwa bila kupenda, kisha huhema mbiombio. Kama mdomo uko chini ya maji wakati huo, anachovuta ni maji. Mishipa ya ngozi hujibana, presha hupanda, moyo huenda mbio. Mwenye maradhi ya moyo anaweza kuanguka papo hapo.

Kwa hivyo anayeingia maji ya namna ile aingie kwa miguu, yasimpite kifua, waokoaji wakiwa karibu, na atoke upesi. Akitoka avuliwe nguo za maji na afunikwe mara moja, maana joto la mwili huendelea kushuka kwa muda hata akiwa nchi kavu.

Mwanangu ana hali ya Down, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao. Angefaa kuingia?

Si kabla ya kuonwa na daktari. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi yao pingili mbili za juu za shingo hazikushikana imara. Wa namna hiyo kupiga mbizi kwa kichwa ni marufuku, maji yawe ya barafu au ya vuguvugu. Daktari akiridhika, basi aulizwe mwenyewe kama anataka. Hilo tunalisahau mno.

Hapa kwetu baridi iko wapi?

Haiko. Hata wakati wa kusi, msimu wa upepo wa kusini, bahari yetu huwa nyuzi 25 hivi. Linalotutisha sisi ni mkondo, hasa maji yakitoka wakati wa bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa kukubwa, katika mlango kati ya Amu na Manda. Mkitaka kuchangisha, msihangaike na barafu. Andaeni matembezi ya ufuoni Shela asubuhi, au mashindano ya mashua, na wanamichezo wenyewe wawe mbele.

Nimfundishe kuogelea au nimzuie?

Mfundishe. Mtoto wa kisiwani kumfungia ndani hakumkingi. Bahari iko mlangoni, na siku moja atatoka peke yake. Mpeleke mahali pale pale, saa ile ile, maji ya kiunoni mwake. Tumia maneno machache, mwoneshe kwa vitendo, na rudia bila kuchoka. Mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Simu iachwe nyumbani.

Ana kifafa pia. Bado aingie?

Kifafa huwapata zaidi watu wenye ulemavu wa akili, kwa hivyo swali hili ni la wengi. Aingie ikiwa daktari amekubali, anameza dawa zake bila kukosa, na hayuko peke yake hata kidogo. Kikimjia majini, mlaze chali na kuinua uso wake juu ya maji, usimtie kitu mdomoni, na mtoe mara mtikisiko ukipungua. Ufuoni tazama kama anapumua. Akipumua, mlaze ubavu. Asipopumua, anza kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua huku wengine wakiita msaada. Mpelekeni hospitali hata akizinduka na kusema yuko sawa, kwa kuwa huenda maji yameshaingia mapafuni.