Uendelevu wa Mazingira Katika Utafiti Haupimwi kwa Umri wa Mradi

Sisi watafiti wa mazingira tunaofanya kazi katika mikoa ya kati ya Tanzania huandika neno uendelevu karibu katika kila andiko la mradi, kisha tukaupima ndani ya muda wa fedha tulizopewa, ambao mara nyingi hauzidi miaka mitatu au minne. Fasili tunayoitegemea ni ile ya Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, ambayo mwaka 1987 ilieleza kuwa maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Fasili hiyo inahesabu vizazi, ilhali mradi unahesabu misimu michache ya mvua, na katika maeneo makame kama yetu pengo hilo linatosha kupotosha hitimisho zima.

Bonde la Makutupora, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, linalionyesha jambo hili vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopafahamu. Visima virefu vya eneo hilo vimekuwa vikilihudumia jiji tangu miaka ya 1950, na kwa bahati njema kina cha maji kimepimwa humo kwa miongo mingi. Uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55, uliochapishwa mwaka 2013, ulibaini kwamba maji ya chini ya ardhi hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka, bali hujazwa kwa mkupuo katika misimu michache yenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, ikiwemo ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Kati ya misimu hiyo, maji hushuka mwaka hadi mwaka. Mtafiti aliyefika wakati wa kushuka angeandika kwamba bonde linakauka, na aliyefika mara baada ya El Niño angeandika kwamba maji ni tele. Vipimo vya wote wawili vingekuwa sahihi, lakini ushauri ambao kila mmoja angeipa mamlaka ya maji ungekuwa wa hatari, hasa sasa ambapo wakazi wa jiji wanaongezeka kwa kasi.

Muda si mpaka pekee unaotupotosha. Mpaka wa eneo la mradi nao hupotosha. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mwaka 1973, vilima vya Kondoa vilikuwa vimechimbika makorongo makubwa, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Uoto ulirudi, na mtu anayepima eneo hilo peke yake ana haki ya kuyaita hayo mafanikio. Hata hivyo, ng'ombe walioondolewa hawakutoweka. Wengi walihamishiwa kwenye malisho ya nje ya mpaka wa mradi, na mzigo wa kuwalisha ukahamia kwa jamii na ardhi ambazo hazikuwa kwenye ramani ya watathmini. Kwa maoni yangu, utafiti unaotangaza uendelevu bila kueleza kilichotokea nje ya mpaka wake haujamaliza kazi.

Yapo pia mazingira yanayotumiwa na utafiti wenyewe. Mtambo wa kioo wa kusafisha maji kwa kuyachemsha na kuupoza mvuke wake, unaotumika katika maabara nyingi, unaweza kupitisha makumi ya lita za maji ya kupozea ili kupata lita moja tu iliyo safi, na mahali ambapo maji hayo hayarudishwi kwenye mzunguko huishia kwenye mfereji. Katika jiji linalotegemea visima, haipendezi kuyachunguza maji ya Makutupora kwa namna hiyo. Majokofu ya nyuzi hasi 80 nayo hula umeme mchana na usiku, mengine yakiwa yamejaa sampuli ambazo hakuna anayekumbuka ni za nani.

Marekebisho ya maabara ni mepesi: kuzungusha upya maji ya kupozea, kukagua sampuli kila mwaka, na kuweka jokofu kwenye nyuzi hasi 70 pale aina ya sampuli inaporuhusu. Kazi ngumu ni ya vipimo. Andiko la mradi lieleze tangu mwanzo nani atakayeendelea kusoma kina cha maji kisimani fedha zitakapokwisha, na takwimu zikabidhiwe kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na kwa halmashauri husika zikiwa katika hali inayosomeka, badala ya kubaki kwenye kompyuta ya mtafiti. Wafadhili wanapenda matokeo mapya, na kumlipa msomaji wa kisima kwa miaka ishirini hakumvutii mtu, ingawa bila wasomaji wa namna hiyo tabia ya bonde la Makutupora isingejulikana hadi leo.