Jenotaipu si spishi mpya

Kila utafiti kuhusu vimelea vya damu vya ng'ombe na nyati unapotoka, habari yake husambaa kwa kichwa kilekile: spishi mpya ya Theileria yagunduliwa. Ukiusoma utafiti wenyewe unakuta watafiti hawakusema hivyo. Wamepata jenotaipu ambayo ilikuwa haijaripotiwa. Kosa hili silikuti kwa waandishi wa habari peke yao. Linatoka hata kwa watu wa mifugo waliosomea mambo haya.

Jenotaipu, kwa kifupi, ni kundi la vimelea vinavyofanana mpangilio wa herufi za DNA katika jeni iliyochaguliwa. Spishi ni dai zito zaidi: kwamba vimelea hivyo vina nasaba yao iliyojitenga, vina mnyama na kupe vinaowategemea, na havichanganyi jeni na majirani zao. Jenotaipu unaweza kuipata kwa tone la damu na siku chache za maabara. Spishi haipatikani hivyo.

Maneno yanayoangushwa njiani kila mara ni hayo "katika jeni iliyochaguliwa". Kwa Theileria na Babesia, kimelea kingine cha damu kinacholetwa na kupe, jeni inayotumika zaidi ni 18S, yenye herufi zaidi ya 1,700. Mara nyingi hata haisomwi yote. Kinasomwa kipande kimoja kinachobadilikabadilika, kiitwacho V4. Sasa mchukue Babesia bovis, mmojawapo wa wanaosababisha ng'ombe kukojoa damu. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ina seti tatu za jeni za ribosomu, 18S ikiwa mojawapo ya jeni hizo, na nakala zake hazifanani kikamilifu. Yaani kimelea kimoja, ndani ya chembe moja ya damu, kinaweza kutoa mipangilio zaidi ya mmoja ya 18S. Anayehesabu kila mpangilio kuwa spishi ataihesabu Babesia hiyohiyo mara mbili au tatu.

Kinyume chake nacho kipo. Ndani ya nyati hukaa Theileria ambayo kwenye V4 inatofautiana na Theileria parva, ile inayoleta ndigana kali kwa ng'ombe, kwa herufi chache tu, kiasi kwamba vipimo vya PCR (vya kunakili DNA) vilivyotegemea 18S viliwahi kuzichanganya. Jeni nyingine zinaonyesha kuwa ni viumbe wawili tofauti. Hadi leo inaandikwa Theileria sp. ya nyati. Hiyo "sp." ni tahadhari: jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, tunaijua, jina la spishi bado halijatolewa. Watu wengi huiruka wanaponukuu, na tahadhari yenyewe inaenda nayo.

Theileria parva yenyewe ina historia ya majina inayofaa kukumbukwa hapa. Arnold Theiler, daktari wa mifugo kutoka Uswisi aliyefanya kazi Afrika Kusini, aliieleza mwaka 1904, baada ya ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki kuingiza ndigana kali huko kusini. Baadaye ikagawanywa makundi matatu: T. parva parva ya ng'ombe kwa ng'ombe, T. parva lawrencei itokayo kwa nyati, na T. parva bovis ya Zimbabwe, isiyo kali kama ile ya kwanza. Mgawanyo huo ulifuata mnyama na dalili, si nasaba. Vinasaba vilipoanza kuchunguzwa, mipaka hiyo haikuonekana, na mwaka 1989 wataalamu wakapendekeza majina hayo ya tatu yaachwe. Tangu hapo husemwa T. parva itokayo kwa ng'ombe, au itokayo kwa nyati.

Hata hivyo, hamu ya kupata alama moja ya kutenganisha haikuisha. Kwenye jeni ya p67, vimelea vya ng'ombe vilionekana kupungukiwa kipande cha herufi 129 ambacho vimelea vya nyati vinacho. Ilikuwa alama nzuri mno, mpaka alele nyingine, yaani matoleo mengine ya jeni hiyo, zilipopatikana, baadhi yake kwa ng'ombe na nyati vilevile. Na chanjo hai ya ndigana kali, mchanganyiko wa Muguga, ina vimelea vya vyanzo vitatu: Muguga, Kiambu 5 na Serengeti. Cha Serengeti kinahesabiwa kuwa kilitoka kwa nyati. Jenomu zao ziliposomwa, cha Serengeti kilikuwa karibu sawa na cha Muguga, huku Kiambu 5, cha ng'ombe, kikiwa mbali. Kwa hiyo mnyama kimelea kilikotoka hatoshi kukuambia nasaba ya kimelea hicho.

Isidhaniwe kwamba jenotaipu ni jambo dogo. Theileria orientalis hugawanywa katika jenotaipu 11 kwa jeni ya protini kuu ya ngozi ya kimelea, na iitwayo Ikeda ndiyo inayohusishwa zaidi na ng'ombe kuishiwa damu. Ilizua mlipuko New Zealand mwaka 2012, na mwaka 2017 ikapatikana Virginia, Marekani. Australia tayari ilikuwa na T. orientalis za jenotaipu nyingine kabla ya Ikeda kuleta balaa. Mfugaji anayeambiwa "spishi ni ileile, usihofu" anapotoshwa sawa na anayeambiwa "spishi mpya imeingia".

(Anaplasma, inayoleta ndigana baridi, huwekwa kwenye jedwali moja na hizi kwa sababu ya kupe na damu. Ni bakteria. Jenotaipu zake zinahesabiwa kwa jeni nyingine kabisa, kwa hiyo idadi zake hazijumlishwi na za Theileria.)

Basi unapoandika ripoti, badala ya "tumepata spishi tatu za Theileria", andika "jenotaipu tatu za V4 ya 18S, kutoka kwa nyati", kama ndicho mlichosoma. Na kama mpangilio haukuwahi kuripotiwa, sema haujawahi kuripotiwa. Huenda kimelea chenyewe kimo ndani ya nyati tangu kabla ya Theiler.