Nyumba Imepigwa Mnada, Deni Limesalia: Nani Analipa?

Malalamiko tunayopokea kutoka kwa wenye nyumba za kupangisha Malindi yamezidi, na karibu yote yanafanana. Nyumba ilijengwa kwa mkopo, wageni wakapungua, benki ikaiuza, na bei ya mnada haikutosha kumaliza deni. Mwenye nyumba anauliza: nikitangazwa na mahakama kuwa mufilisi, yaani mtu asiyeweza kulipa madeni yake, hilo deni lililobaki bado ni langu?

Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 haiondoi rehani. Benki inaweza kuiuza nyumba hata baada ya amri ya ufilisi kutolewa. Wapo wanaokimbilia mahakamani wakidhani amri hiyo itasimamisha mnada. Haisimamishi, na tumelisema hili mara nyingi.

Kinachobadilika ni lile salio. Tuseme deni ni shilingi milioni 9 na nyumba ya Casuarina ikauzwa kwa milioni 6.5. Milioni 2.5 iliyobaki sasa haina dhamana, na benki hulidai salio hilo kwa msimamizi wa mali ya mufilisi (anayekusanya mali hiyo na kuwagawia wadai), pamoja na wadai wengine. Hata mnada ukifanyika miezi kadhaa baada ya amri, deni ni la kabla ya amri, maana mkopo ulichukuliwa kabla. Kwa hiyo huangukia ndani ya ufilisi, na mufilisi akishaachiliwa, yaani ufilisi wake ukishakwisha kisheria, benki haiwezi kumfuata tena kwa salio hilo, isipokuwa deni lilipatikana kwa ulaghai.

Kuachiliwa huja baada ya miaka 3. Miaka hiyo huhesabiwa tangu siku mufilisi alipowasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha, si tangu siku ya amri. Asiyewasilisha, saa yake haijaanza kwenda.

Msamaha huo ni wa mufilisi peke yake. Mke, mume au ndugu aliyeweka saini kama mdhamini au mkopaji mwenza bado anadaiwa salio lote. Tafadhali msimwambie shemeji kwamba ni saini ya kukamilisha fomu tu.

Kuhusu mnada wenyewe, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka mkopaji akishakaa mwezi mmoja bila kulipa, apewe notisi ya siku zisizopungua 90, kisha notisi ya kuuza ya siku 40. Nakala ya hii ya pili humfikia mwenzi wa ndoa, mdhamini na mpangaji pia. Dalali naye hutoa siku 45 za kukomboa nyumba. Benki inawajibika kutafuta bei bora inayoweza kupatikana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa robo au zaidi, sheria huchukulia kuwa benki imekiuka wajibu huo hadi ithibitishe vinginevyo. Hapo salio linaweza kupingwa, ila anayestahili kulipinga baada ya amri ni msimamizi, kwa hiyo mpelekeeni ripoti za wathamini mapema.

Kodi nayo ina wenyewe. Benki inaweza kuteua mpokeaji wa mapato ya nyumba hata kabla ya kuiuza, na mapato mengine ni ya msimamizi. Mwenye nyumba anayeendelea kumwambia mpangaji atume kodi kwa simu ya binamu anaficha mali. Hilo ni kosa la jinai, na linatosha kuwa sababu ya kupinga kuachiliwa kwake miaka 3 ikitimia.