Je, wajua? Korosho, karanga na nazi zote huitwa "nut", lakini hakuna hata moja iliyo "nut"

Mwambie mtu wa Newala, kusini mwa Tanzania, kwamba korosho, karanga na nazi ni kitu kimoja, atakuuliza kama uko timamu. Moja huanguka na bibo lake, nyingine hung'olewa ardhini, ya tatu ni mpaka apande mkwezi. Kiingereza kimezifunga zote kwa neno "nut": "cashew nut", "groundnut", "coconut". Wataalamu wa mimea wanazikataa zote tatu.

"Nut" ni neno kongwe kuliko maana waliyolipa wataalamu wa mimea. Sokoni ni chochote chenye ganda gumu na kiini cha kutafuna, na kwa maana hiyo Mwingereza hajakosea. Mtaalamu hulibana: kwake ni tunda kavu lenye ganda gumu lisilopasuka lenyewe likikomaa, na ndani kwa kawaida mna mbegu moja. "Seed" ni mbegu hiyo ya ndani, si tunda.

Sasa shika bibo. Ile sehemu nyekundu au ya njano, tamu, inayokamuliwa kupata pombe ya uraka, si tunda bali ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni korosho ghafi inayoning'inia chini yake, pamoja na ganda lenye mafuta yanayobabua vidole vya wabanguaji. Kiini cheupe kinachobaki baada ya kubangua ndicho "seed". Kwa hiyo unachotafuna ni mbegu, na mti wake ni ndugu wa mwembe.

Karanga ndiyo ya mbali zaidi, maana ukoo wake ni kunde na choroko. Ua huchanua juu, kisha kikonyo chake huchomoza na kuzama udongoni, ganda likakomalia huko. Hiyo "groundnut" ina historia yake huku kusini. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ulikuwa na mashamba Nachingwea, na kwa ajili yake ilijengwa reli na bandari ya kina kirefu Mtwara. Reli iling'olewa; bandari sasa inapakia korosho. Na Uingereza "groundnut scheme" ilikuja kuwa msemo wa mradi uliomeza fedha bila mavuno.

Nazi niipitie haraka: makumbi na kifuu ni sehemu za tunda, nyama nyeupe ni sehemu ya mbegu iliyo ndani, chakula cha mche utakaochipua.

Ubishi huu una faida kwa anayedhurika na karanga. Kwenye pakiti za Uingereza, "peanuts" ni karanga na huandikwa peke yake. "Tree nuts" ni kundi jingine, na korosho imo humo. Nazi haimo kwenye kundi lolote kati ya hayo. Pakiti ikisema haina "peanuts", haijasema lolote kuhusu korosho.