Vimelea nyemelezi vya utumbo: maana yake na namna ya kuvigundua kwa anayeishi na VVU

Majibu ya choo yanarudi yameandikwa "hakuna mayai ya minyoo, hakuna amiba", na mgonjwa anaendelea kuharisha, sasa ni wiki ya tano. Majibu hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa. Ila maabara hujibu kile ilichoulizwa, na kwa mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, huenda kilichopaswa kuulizwa ni kingine.

Vimelea nyemelezi vya utumbo ni vile ambavyo mwenye kinga imara huvimaliza mwenyewe ndani ya siku au wiki chache, pengine bila hata kujua vilimpitia, lakini vikimkuta aliyepungukiwa kinga huweka makao. Seli za CD4, yaani chembe nyeupe za kinga ambazo VVU huzishambulia, zikiwa chini ya 200 kwa kila mikrolita ya damu hatari hupanda. Zikishuka chini ya 100, kriptosporidiamu inaweza kuleta kuharisha majimaji kusikokoma, mtu akakauka na kukonda. Wenzake ni sistoisospora, saiklospora na mikrosporidia. (Mikrosporidia siku hizi zinahesabiwa upande wa kuvu, lakini kwenye choo bado hutafutwa pamoja na vimelea, kwa hiyo nimeziacha hapa.) Shirika la Afya Duniani huweka maambukizi sugu ya kriptosporidiamu na sistoisospora katika hatua ya 4 ya VVU, ile ya mwisho.

Kipimo cha kawaida cha choo ni tone lililochanganywa na maji ya chumvi, na jingine na iodini, yakaangaliwa kwa hadubini. Ni kipimo kizuri kwa mayai ya minyoo, jiadia na amiba. Tatizo ni ukubwa na rangi. Yai la minyoo ya safura lina urefu wa mikromita 60 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Oosisti ya kriptosporidiamu, yaani kimelea kikiwa ndani ya ganda lake gumu, ina mikromita 4 hadi 6, ndogo kuliko chembe nyekundu ya damu, na iodini haiishiki. Jicho lenye haraka huipita likidhani ni hamira.

Kwa hiyo inahitajika rangi nyingine, na hapa maabara nyingi zina uwezo kuliko zinavyojidhania, kwa kuwa njia yenyewe ni ndugu wa ile ya kifua kikuu: Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa. Choo hupakwa kwenye kioo kikakaushwa, kikatiwa fuksini nyekundu, kikasafishwa kwa asidi, kisha kikapewa rangi ya buluu au kijani. Oosisti hung'ang'ania wekundu wake huku vilivyobaki vikigeuka buluu au kijani. Baada ya hapo kazi ni kupima. Duara la mikromita 4 hadi 6 ni kriptosporidiamu. La 8 hadi 10 ni saiklospora, na mara nyingi kwenye kioo kimoja utakuta nyingine zimekolea na nyingine zimekataa rangi kabisa. Sistoisospora ni ndefu kama yai lililochongoka, mikromita 20 na zaidi. Anayekadiria kwa macho bila kipimo ndani ya hadubini huchanganya hizo mbili za kwanza kwa urahisi sana.

Mikrosporidia hazipatikani hivyo. Spora zake ni kama mikromita 1 hadi 4, zinafanana na bakteria, na hutaka rangi ya trikromu iliyorekebishwa au rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Vipimo vya antijeni, yaani vinavyonasa protini za kimelea, vipo kwa kriptosporidiamu, na PCR, kipimo cha vinasaba, hutambua vimelea hivi vyote pale ilipo.

Sampuli moja haitoshi. Vimelea hutoka kwa vipindi, leo vingi, kesho hakuna, hivyo huombwa sampuli 3 za siku tofauti. Na fomu iseme wazi: kinga imeshuka, anaharisha zaidi ya wiki mbili, tafuta kriptosporidiamu na wenzake. Fomu iliyoandikwa "choo" peke yake humnyima mgonjwa kipimo anachostahili.

Jina la kimelea ndilo linaloamua dawa. Sistoisospora na saiklospora husikia kotrimoksazoli, dawa ya bei nafuu ambayo wengi wanaoishi na VVU tayari wanaifahamu kama dawa ya kuzuia maambukizi. Baadhi ya mikrosporidia husikia albendazoli, ila ile inayoongoza kwa kuharisha haiisikii vizuri. Kriptosporidiamu haina dawa ya uhakika kwa mtu ambaye kinga yake iko chini. Kinachoiondoa hasa ni ARV kufanya kazi na CD4 kupanda. Akigundulika nayo mtu ambaye tayari anatumia ARV, jambo la kufuata ni kupima wingi wa virusi, kwa sababu huenda dawa zenyewe hazifanyi kazi tena.