Dole gumba la Chet Atkins, na kwa nini unalijua bila kujua

Kama umekulia Kenya katika nyumba yenye redio, basi umeshaisikia kazi ya Chet Atkins hata kama jina lake halijawahi kukufikia. Jim Reeves alipoimba "He'll Have to Go", na Skeeter Davis alipoimba "The End of the World", prodyuza alikuwa yeye. Alichagua wapigaji, akapanga sauti, akaamua ala ipi iingie na ipi ikae kando. Lakini mimi ni mwalimu wa gitaa, na ninayemtaka leo ni Atkins aliyetangulia kuwepo kabla ya yule prodyuza. Nikimsikiliza Atkins mpiga gitaa, namwona mkubwa kuliko Atkins bosi wa studio, na nitaeleza kwa nini.

Chester Burton Atkins alizaliwa tarehe 20 Juni 1924 huko Luttrell, mji mdogo wa mashariki mwa Tennessee, Marekani. Kwao hapakuwa na kitu. Wazazi waliachana akiwa mdogo, na pumu ilimtesa mpaka akapelekwa kwa baba yake Georgia, ikitumainiwa kwamba hewa ya huko ingemfaa. Usiku alilala ameketi kitini ili apate kupumua, gitaa mikononi, akilipiga mpaka usingizi umchukue. Gitaa lenyewe alilipata kwa kubadilishana na bastola kuukuu.

Huko Georgia redio ilimletea Merle Travis, mpiga gitaa wa Kentucky aliyesikika kupitia kituo cha WLW cha Cincinnati. Travis alipiga besi kwa dole gumba na wimbo kwa kidole cha shahada, vyote kwa pamoja. Atkins hakuwa na njia ya kumwona akipiga, alimsikia tu. Masikio yakamwambia kwamba kazi yote ile haiwezi kufanywa na vidole viwili, naye akajifundisha kutumia dole gumba pamoja na vidole zaidi. Mtindo wake wote umetoka hapo, katika kujaribu kufanya alichodhani mwenzake anafanya.

Shika kodi (chord) ya C nikuonyeshe. Dole gumba la mkono wa kulia limevaa kipande cha plastiki, nalo linapiga uzi wa tano, kisha wa nne, kisha wa sita, kisha wa nne tena, linazunguka hivyo bila kusita. Ukingo wa kiganja umelala juu ya nyuzi za besi, pale pale zinapokanyaga daraja, ili zisivume bali zitoe mlio mfupi, mkavu. Huku juu, shahada na vidole vinavyofuata viko huru kuimba kwenye nyuzi nyembamba. Ugumu wa kweli uko hapa: noti nyingi za wimbo huangukia katikati ya mapigo, na dole gumba likizisikia hutaka kuzifuata. Nimeona wanafunzi wenye vidole vya haraka sana wakikwama hapa, kwa sababu kasi haisaidii kitu. Dole gumba lazima lifanye kazi yake kana kwamba halisikii vidole vingine vinasema nini.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa dole gumba na shahada. George Mukabi naye alifanya hivyo katika omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya: besi inatembea chini, wimbo unacheza juu, na pembeni chupa ya soda inagongwa kushika mwendo. Kila mmoja alikuwa na chimbuko lake, lakini aliyelelewa na omutibo ana nusu ya somo la Atkins tayari mkononi. Wengine huja kwangu wakidhani lazima waanze sifuri, nami huwaambia wapige kwanza walichofundishwa nyumbani.

Njia ya kufika Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, ilikuwa ndefu. Vituo vya redio vilimwajiri na kumfukuza kwa zamu. Cha Springfield, Missouri, ndiko alikobandikwa jina la Chet, na huko huko akaachishwa kazi kwa kuonekana hapigi kantri ya kutosha. Steve Sholes wa kampuni ya rekodi ya RCA Victor alimsainisha mwaka 1947. Baadaye akaungana na Maybelle Carter na binti zake, nao wakaingia Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha kantri huko Nashville, pamoja mwaka 1950. Hapo ningependa sana kuwa nimekaa kati yao, maana Mama Maybelle alikuwa na dole gumba lenye kazi tofauti kabisa: lilipiga wimbo kwenye nyuzi nene, na kidole kikakung'uta kodi juu yake. Mitindo miwili mikuu ya gitaa la kantri, mmoja kinyume cha mwingine, ilikuwa jukwaani pamoja.

Tangu hapo alikuwa kila mahali. Ni gitaa lake lililomo katika "Your Cheatin' Heart" ya Hank Williams, iliyorekodiwa Septemba 1952. Januari 1956 Elvis Presley aliporekodi "Heartbreak Hotel", Atkins alikuwa studioni na gitaa la mdundo. Alimpigia simu mkewe Leona aje ajionee.

Rekodi zake mwenyewe za miaka ile ndizo ninazozirudia. "Mr. Sandman" ya 1955 ni darasa zima. "Yankee Doodle Dixie" inapiga nyimbo mbili kwa wakati mmoja, mmoja kwenye besi na mwingine juu. Katika albamu ya "Finger-Style Guitar" ya 1956 anachanganya nyimbo za dansi na vipande vya kiklasiki vya Ulaya bila kubadilisha tabia ya mkono. Na kuna zile sauti za kinubi. Mkono wa kushoto unabana nyuzi zote kwenye freti ya 5, yaani kipande cha tano cha chuma kwenye shingo ya gitaa. Shahada ya kulia inagusa tu uzi wa sita juu ya freti ya 17, dole gumba linaupiga, na noti inatoka juu kwa oktava nzima, nyembamba na safi. Papo hapo kidole cha pete kinapiga uzi wa tatu kwa sauti yake ya kawaida. Halafu wa tano na wa pili, kisha wa nne na wa kwanza. Noti zinaporomoka kama maji ya mvua kwenye bati, na huwezi kutaja ipi imetoka uzi gani.

Mwaka 1957 RCA ilimkabidhi ofisi yake ya Nashville. Muziki wa roki ulikuwa unawachukua wanunuzi, naye akaondoa fidla na gitaa la stili, akaingiza piano, waitikiaji wa Anita Kerr, na mara nyingine kundi la vayolini. Sikiliza "He'll Have to Go", iliyorekodiwa Oktoba 1959: Reeves anaimba chini, mdomo karibu na maikrofoni, na gitaa ni la Hank Garland. Ilikaa namba moja katika chati ya kantri kwa wiki 14. Uamuzi ule uliifikisha kantri mbali, na mwaka 1962 Reeves, Atkins na mpiga piano Floyd Cramer walizuru Afrika Kusini pamoja. Nazipenda rekodi hizo, ila mchango wa gitaa humo ni mdogo mno kwa mtu mwenye mkono kama ule. Ninachomheshimu zaidi katika kiti cha bosi ni kumsainisha Charley Pride, mwimbaji mweusi kutoka Mississippi, katikati ya miaka ya 1960, wakati rekodi zake za kwanza zilipelekwa redioni bila picha.

Alirudi kwenye gitaa kwa moyo wote baadaye, katika albamu na wapiga gitaa wenzake: "Me & Jerry" na Jerry Reed mwaka 1970, "Chester & Lester" na Les Paul mwaka 1976, "Neck and Neck" na Mark Knopfler mwaka 1990. Alifariki Nashville tarehe 30 Juni 2001.

Ukitaka kujifunza, anza na "Mr. Sandman", na mara ya kwanza usiufuate wimbo, fuata besi peke yake kwa mguu. Kisha chukua gitaa, piga dole gumba tu kwenye C. Ukiweza kuitikia salamu ya mtu mlangoni bila dole gumba kukosea pigo, ongeza noti moja ya wimbo kwenye uzi wa pili, katikati ya pigo la kwanza na la pili.